Besi si kiti cha walioshindwa solo



Shuleni kwetu kuna magita manne na wapigaji kumi na mmoja. Katika hao kumi na mmoja, saba wanataka solo, wawili wanakubali akompa, na wawili tu ndio wanaoshika besi. Wawili hao wako mwaka wa mwisho. Wakiisha kufanya Ekzeta, yaani mtihani wa Serikali, watafunga masanduku yao, mmoja atapanda treni, mwingine atarudi kijijini kwao, na gita ya besi itaingia kabatini pamoja na bendera za zamani na mipira iliyopasuka. Mwezi wa tisa, kwaya itakaposimama kuimba mbele ya wanafunzi wapya, hakutakuwa mtu wa kuishika. Jambo hili linatuhangaisha sisi tunaotoka, na ndiyo sababu tumeomba nafasi katika kurasa hizi.

Kuna watakaosema: ni jambo dogo, nani alikufa kwa kukosa besi? Hakuna aliyekufa. Lakini mnakumbuka juma lile la mwezi wa pili, wapigaji wetu wote wawili walipolala kwa malaria. Jumapili kwaya iliimba na magita matatu na bateri. Wimbo wa kwanza ulianza kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kufika ubeti wa tatu ulikuwa unakimbia kama mbuzi waliokata kamba, na mwalimu wa kwaya alikuwa anapunga mikono kama anasimamisha lori. Wanaume wa sauti ya nne walipotea kabisa, mmoja akaimba sauti ya wanawake bila kujua. Kiisha ibada watu walimlaumu kijana wa bateri. Si kosa lake. Bateri inasema ni wakati gani, magita yanasema ni wimbo gani, na besi ndiyo inayofunga vitu hivyo viwili pamoja. Ikitoka, kila mmoja anabaki na lake.

Sasa tuseme wazi kwa nini wapigaji ni wawili tu. Mdogo akija mazoezini siku ya Jumamosi, kwanza anapewa solo. Vidole vikikataa, anapelekwa akompa. Hata hiyo ikimshinda, ndipo unasikia wakubwa wanamwambia: "Wee mudogo, shika besi, kule hakuna kintu nguvu, njo paka tum-tum." Na yule mdogo anaishika besi kwa haya, kama mtu aliyerudishwa darasa. Baada ya majuma mawili haji tena. Hivyo ndivyo tunavyoua besi sisi wenyewe, na mdomo wetu ndio kisu.

Sisi tunapinga desturi hiyo. Besi ina masomo yake, ina vidole vyake, ina masikio yake. Anayeanza anaweza kuipenda tangu siku ya kwanza, tena anaweza kuwa msaada kwa kwaya upesi kuliko yule wa solo, lakini akifundishwa vizuri tu, si kwa kutupiwa.

Wengine hudhani kwamba kitu hiki ni cha Kizungu na kwamba sisi tunafuata tu nyuma. Ni kweli, gita ya besi ya umeme tunayoijua ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1951, nayo ni kazi ya Leo Fender. Aliona wapigaji wanahangaika na kontrabasi, ile fidla kubwa inayompita mtu urefu, inayojaza gari zima na bado sauti yake inamezwa na matarumbeta. Akaweka kamba nne juu ya ubao, akaweka vyuma shingoni ili kidole kisikosee mahali. Ndiyo maana aliiita "Precision". Hayo ni yao, na tunawashukuru.

Lakini huku Katanga sauti ya chini ilikuwa na watu wake. Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alikuwa na gita moja ya mbao, bila ampli, bila mwenzake. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimrekodi kule Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukajulikana mpaka nchi za mbali. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume. Kidole cha shahada kiliimba kwenye kamba nyembamba. Kidole gumba kilitembea kwenye kamba nene, bila kuchoka, bila kuharakisha. Gumba lile lilikuwa besi. Babu zetu walioicheza "Masanga" walicheza kwa kufuata gumba, hata kama walidhani wanafuata wimbo.

Tena kuna karindula. Waliofika Lubumbashi wameiona, na wengine wenu mmeiona hata karibu zaidi: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi juu yake, shingo ya mti, na kamba nne. Ni kama banjo iliyozaliwa na tembo. Mwaka 2011 ilitoka sahani ya muziki huo, "The Karindula Sessions", iliyorekodiwa huko huko kusini-mashariki ya nchi yetu, na watu wa Ulaya wakashangaa. Hesabu zile kamba tena: nne. Kwa hiyo mtoto wa Haut-Lomami asiogope gita ya besi kama mgeni. Ni ndugu aliyerudi kutoka safari na nguo mpya.

Shida nyingine ni hii: mpiga besi hajulikani. Uliza mtu yeyote Kamina, hata mama anayeuza muhogo karibu na gari, nani ni Franco. Atakujibu, atakuimbia pia. Muulize nani alishika besi katika T.P. O.K. Jazz. Atanyamaza. Walikuwapo Decca Mpudi na Flavien Makabi, na bila watu wa namna hiyo zile nyimbo za dakika kumi na zaidi zingeanguka katikati ya njia. Orchestra Super Mazembe walitoka huku kwetu Katanga, wakaanza mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, wakapita Zambia na Tanzania mpaka Nairobi. Wimbo wao "Kassongo" unapigwa mpaka leo kwenye arusi. Aliyeshika besi kwao aliitwa Atia Jo. Mlijua? Na huko Marekani, James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi sana za nyumba ya Motown miaka ya 1960, na majina ya wapigaji hayakuandikwa kwenye sahani hizo. Ilianza kuandikwa mwaka 1971 tu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zetu mbili katika urithi wa ulimwengu. Tulifurahi wote. Sasa ni vizuri kukumbuka kwamba rumba bila besi ni nyumba ya mabati bila nguzo.

Juu ya huyo Jamerson kuna jambo linalofaa wanaoanza. Alipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kuume, kile cha shahada. Kimoja! Na kamba zake zilikuwa nzito na za zamani, hakupenda kuzibadilisha. Kwa hiyo yule anayesema "siwezi kuanza mpaka ninunuliwe kamba mpya na ampli kubwa" atafute sababu nyingine.

Basi, mtu anaanzaje? Tutaeleza jinsi sisi tunavyofundisha wale wachache waliokuja, na wenye kujua zaidi watusahihishe katika toleo lijalo.

Siku ya kwanza mkono wa kushoto haufanyi kitu. Uache upumzike juu ya kamba. Mkono wa kuume peke yake: gumba likae juu ya mikro, kile kipande cheusi kinachosikiliza kamba, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, vitembee kwa zamu kama miguu. Hakuna kuruka na mguu mmoja. Kidole kikiisha kupiga kamba, kisirudi hewani. Kianguke mpaka kamba inayofuata na kupumzika hapo. Wadogo wengi wanavuta kamba juu kama wanang'oa nyasi, ndipo sauti inalia kama bati. Using'oe. Sukuma kidogo, ipite.

Halafu saa. Mashule makubwa yana metronomu. Sisi tuna saa ya ukutani katika darasa la tano, na saa ile hupiga mara 60 kwa dakika, bila kuomba umeme wala franga. Kaa chini yake. Piga kamba moja kwa kila pigo la saa. Ukiweza dakika mbili bila kukosa, piga mara mbili kwa kila pigo. Ukiweza hiyo, rudi, piga mara moja kwa kila mapigo mawili ya saa. Mdogo mmoja alituuliza: "Yaya, hii ya mwisho si ni nyepesi?" Tukamwambia ajaribu. Alikosa mara nne katika dakika ya kwanza. Kwenda polepole ndiko kugumu, kwa sababu kati ya pigo na pigo kuna nafasi kubwa ya kupotea, na hakuna wa kukushika mkono.

Majuma mawili ya kazi hii yanachosha, hatukatai. Hapo ndipo wengi wanakimbia. Tunawaomba wavumilie, maana tumewaona waliovumilia: juma la tatu wanaanza kusikia wenyewe wakati kwaya inaharakisha, na kabla ya hapo hawakusikia.

Sasa mkono wa kushoto. Gita ya besi ina shingo ndefu. Kutoka daraja mpaka juu kamba yake ina karibu santimeta 86, wakati ya gita ya kawaida ina karibu 65. Kwa hiyo kaze, yaani nafasi kati ya chuma na chuma, ni pana, na mkono wa mtoto wa darasa la saba haufiki. Wakubwa wanamwambia: "Tanua vidole!" Anatanua, anaumia, anaacha. Kumbe dawa iko siku nyingi. Franz Simandl (1840–1912), aliyekuwa mwalimu wa kontrabasi, alifundisha kutumia kidole cha kwanza, cha pili na cha nne, na kile cha tatu kinamsaidia cha nne kubonyeza. Hivyo mkono unafunika kaze tatu, si nne, nao hauteseki. Sisi tunawafundisha wadogo hivyo hivyo katika kaze zile za mwanzo zilizo pana, na hatuoni haya.

Bonyeza karibu na chuma, nyuma yake kidogo. Ukibonyeza katikati ya kaze unahitaji nguvu mara mbili na bado kamba inanguruma kama nyuki katika chupa. Gumba la kushoto likae nyuma ya shingo ya gita, lisichungulie juu. Ncha za vidole zikiuma, hiyo ni kawaida, ngozi itakuwa ngumu kama ya mkulima. Lakini kifundo cha mkono kikiuma, au mshipa wa mkono mpaka kwenye kiwiko, acha siku hiyo. Maumivu hayo hayafundishi kitu.

Kamba nne, kutoka nene kwenda nyembamba, ni mi, la, re, sol. Anayeanza hahitaji kujua shingo nzima. Mwekee kidole kwenye kamba ya la, kaze ya tatu: hiyo ni do. Kaze ya tatu hiyo hiyo kwenye kamba ya re: fa. Kaze ya tano kwenye kamba hiyo ya re: sol. Mkono haukuhama. Na kwa noti hizo tatu, do, fa, sol, mtu anaweza kusindikiza nyimbo nyingi mno za kitabu chetu, za Kiluba na za Kiswahili. Ukitaka do ya juu, ruka kamba moja, uende kaze mbili mbele: kamba ya sol, kaze ya tano. Ukitaka sol ya chini, iko pale pale nyuma ya do, kamba ya mi, kaze ya tatu. Umbo hili halibadiliki. Ukilihamisha kaze mbili mbele, lile lile, unapiga katika re. Mpiga solo hana zawadi ya namna hii.

Kuna jambo moja ambalo hata sisi wa mwaka wa mwisho tunalifanyia kazi bado, nalo ni kunyamazisha. Noti ina mwanzo na ina mwisho. Karibu wote wanajua mwanzo. Mwisho wanauacha ujiendee wenyewe, kamba zinalia zote pamoja, na kapela nzima inavuma kama mashine ya kusaga. Kamba nene isipobonyezwa hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na sauti nzito namna hiyo haifi upesi. Lazima uiue. Inua kidole cha kushoto kidogo bila kukitoa kwenye kamba, na gumba la kuume lilale juu ya kamba ambazo hupigi. Jaribu hivi: piga do, ihesabu moja, mbili, iue kwenye tatu, kaa kimya kwenye nne. Katika rumba besi haijazi kila pigo. Inaacha matundu, na katika matundu hayo ndimo ngoma na mi-solo vinapita. Mwenye kujaza matundu yote anadhani anafanya kazi nyingi, kumbe amefunga mlango.

Juu ya umeme. Tunajua wote hali ya hapa Kamina: "kuran" inakuja inapotaka, na mafuta ya jenereta ni ya Jumapili tu. Wengi wanasema hapo: "Bila ampli, besi haisikiki, tutajifunza namna gani?" Ndugu, egemeza pembe ya gita kwenye mlango wa mbao, au kwenye kabati, halafu piga. Mlango wenyewe utaimba. Au weka taya lako juu ya pembe ile ya juu, utasikia noti zote ndani ya kichwa chako, na jirani hatasikia kitu. Mabweni yatashukuru. Lakini msichomeke besi katika redio ndogo. Bafle yake ndogo haikuumbwa kwa sauti za chini, itapasuka, na mwenye redio atakuja kwetu sisi makapita kudai.

Kamba zikiwa zimekufa sauti kwa jasho na vumbi, zitoe, uzichemshe katika maji dakika kumi, uzifute, uzianike mpaka zikauke kabisa ndipo uzirudishe. Hazitakuwa mpya, ila zitafika mwisho wa mwaka.

Tunapenda pia kusema neno juu ya vijana wanaoangalia video katika simu. Huko wameona watu wanapiga besi kwa gumba kama wanapiga nyundo, tak-tak-pa, na sasa kila Jumamosi tunasikia tak-tak-pa kutoka kwa mtu asiyeweza bado kufuata wimbo mmoja mpaka mwisho. Wajue namna ile ilizaliwaje. Larry Graham wa Marekani alikuwa kijana akipiga katika kundi la mama yake. Wakabaki bila mtu wa bateri. Ndipo akaanza kugonga kamba kwa gumba mahali pa ngoma kubwa, na kuchomoa kwa kidole mahali pa ngoma ndogo, ili mwendo usipotee. Alifanya kwa uhitaji wa wenzake. Sisi bateri tunayo. Tunachokosa ni mtu wa kukaa kwenye mwendo.

Na wasichana? Mpaka leo hakuna msichana hata mmoja aliyepewa besi shuleni petu. Tukiuliza kwa nini, tunaambiwa ni nzito, vidole vyao ni vidogo, tena haifai. Uzito: ndoo ya maji wanayobeba kichwani kutoka bombani ni nzito kuliko gita yoyote. Vidole: tumekwisha kueleza habari ya Simandl. Na kama haifai, basi mwambieni Manou Gallo, mzaliwa wa Divo, Côte d'Ivoire, mwaka 1972, aliyefika Ubelgiji akapiga besi katika Zap Mama, kundi la Marie Daulne aliyezaliwa Isiro, hapa hapa Kongo. Wasichana wawili wa darasa la nane wametuomba mara tatu. Mara tatu wamejibiwa "mungojee." Wanangojea nini?

Sasa tufike kwenye ombi lenyewe. Gita ya besi inafungiwa, na ufunguo unatoka Jumamosi mchana na Jumapili asubuhi tu. Sababu tunayopewa ni kwamba wadogo wataiharibu. Tunaheshimu woga huo, maana chombo ni kimoja na kununua kingine Lubumbashi si mchezo. Lakini tazameni: kamba za besi ni nene, kwa kawaida zinazokatika ni za solo, na solo iko mikononi mwa kila mtu. Kinachoharibu besi ni kuzungusha vile vifunguo vya juu bila kujua. Basi tuweke sheria moja: mwanafunzi anayeanza haruhusiwi kugusa vifunguo, mkubwa ndiye anayesawazisha kamba kabla ya somo. Sheria hiyo inatosha kuliko kufuli.

Pili, zamu. Dakika ishirini kwa kila mtu, mara tatu kwa juma, kiisha kazi za mikono na kabla ya masomo ya jioni. Walimu wanaogopa kwamba muziki utakula masomo. Dakika ishirini haziwezi kumla mtu. Na ni afadhali dakika ishirini mara tatu kuliko saa tatu za Jumamosi, ambapo saa ya kwanza tunabishana, ya pili tunasawazisha, na ya tatu tunacheka.

Tatu, na hapa tunajisemea sisi wenyewe wa mwaka wa mwisho: tusiondoke na elimu hii kichwani. Kila anayejua besi achukue wadogo wawili, si wale walioshindwa solo bali wale wenye masikio, na tumewaona. Unamtambua mtoto wa besi kabla hajagusa gita. Ni yule anayepiga mguu chini bila kukosa wakati wengine wanaimba, ambaye wimbo ukiharakisha anakunja uso. Yupo mmoja darasa la saba, jina lake tunalihifadhi, anayegonga benchi kwa ngumi wakati treni inapita, na ngumi yake haipishani na magurudumu. Mtoto huyo alipewa solo mwezi wa kumi, ikamshinda, sasa haji tena. Tutamfuata wenyewe.

Bwana Prefe wa masomo amesoma maandishi haya kabla hayajapigwa katika mashine, na amesema atatoa jibu juu ya ufunguo kabla ya sikukuu ya Pasaka. Tunangojea kwa heshima. Wakati huo huo orodha ya majina imebandikwa kwenye mlango wa darasa la tano, chini ya saa. Kuna nafasi sita. Mbili zimekwisha kuandikwa, na maandiko ni ya wale wasichana wa darasa la nane. Watakaokuja wakate kucha za mikono yote miwili.

Kapita Mkuu wa Wanafunzi,
mwaka wa mwisho